Masizi ya dohani

Mwandishi, katika makala yako unasema aliyevaa vazi la kuudhi hakuwa na nia mbaya, basi yaishe. Kwa mtoto nakubali. Kwa mwalimu wake, hapana.

Mimi nalea Uholanzi. Kila ilipokaribia tarehe 5 Desemba, sikukuu ya Sinterklaas, shuleni walijaa akina Zwarte Piet, watumishi weusi wa Sinterklaas: watu wazima waliojipaka uso mweusi tii, midomo myekundu, wigi la kipilipili, hereni za duara. Binti yangu, miaka sita, akaulizwa na rafikiye kama yeye hahitaji kupakwa. Aliyeuliza hakuwa na hila hata chembe. Wangu alinyamaza njia nzima, na huyu hunyamaza akilala tu.

Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa weusi ule ni masizi ya dohani. Masizi gani yanayosokota nywele? Mtumishi huyo mweusi alienezwa na kitabu cha mwalimu Jan Schenkman cha 1850, Waholanzi wakiwa bado wanamiliki watumwa Suriname, hadi 1863.

Sikutaka mtu afukuzwe. Kwetu mtu akijikwaa tunampa pole, hata kama jiwe hatukuliweka sisi. Mimi hata pole sikupewa. Nilipewa somo la utamaduni!

Hata Mark Rutte, waziri mkuu wa wakati huo aliyewahi kuitetea desturi hiyo, mwaka 2020 alikiri bungeni kwamba mtazamo wake umebadilika. Shuleni kwetu nako sasa wanachora michirizi michache mashavuni. Biskuti za pepernoten ni zilezile, na watoto wanazigombania vilevile.