Hesabu ya Bonasi na Ghera ya Mkulima wa Chai

Katika vilima vya Kericho na Bomet, amri iliyo bayana kuliko zote ni ile anayofundishwa mchumaji wa chai tangu siku yake ya kwanza shambani: majani mawili na chipukizi. Mkulima akifika kwenye kituo cha kununulia majani na majani yaliyokomaa, karani huyamwaga mezani, huyatenga yasiyofaa mbele ya macho ya mwenyewe, kisha hupima yaliyosalia. Na mwenye majani, ijapokuwa hunung'unika, hurudi kwake akijua kwa yakini taksiri ilikuwa wapi na kesho afanye nini. Tangu Mamlaka ya Mazao Maalumu ilipoasisiwa mwaka 1960, ikarithiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Chai ya Kenya (KTDA) mwaka 1964, mafunzo hayo ndiyo yaliyoipa chai ya wakulima wadogo heshima yake.

Ni ajabu basi kwamba uongozi wa chai unaojua kuagiza kwa ufasaha namna hiyo hupatwa na kigugumizi ufikapo wakati wa kutoa hesabu. Mkulima hulipwa fungu la kwanza kila mwezi, kisha huingojea bonasi, ambayo aghalabu huja Oktoba na ndiyo tegemeo la karo na madeni ya dukani. Kwa miaka kadhaa viwanda vya huku, Kapkatet na Litein, Mogogosiek na Tirgaga, vimelipa chini ya vile vya Kirinyaga na Murang'a, na mwaka 2025 tofauti hiyo iliwafanya wakulima waingie barabarani kuandamana.

Sababu zipo, na baadhi ni za haki: chai ya mashariki ya Bonde la Ufa, ikiwamo ya Kirinyaga na Murang'a, hupata bei bora katika mnada wa Mombasa, na kiwanda chenye mkopo hulipa riba kabla ya kumfikia mkulima. Lakini mtu asikiaye redioni kwamba kilo ya chai imeuzwa kwa dola mbili na ushei, akailinganisha na shilingi alizopata kwa kilo ya majani mabichi, pasi na mtu wa kumkumbusha kwamba kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne hadi tano za majani hayo, atalala akiamini ameibiwa. (Huenda pia ameibiwa, hilo ni la wakaguzi.) Pengo hilo la maelezo hujazwa na mwanasiasa, ambaye huahidi bonasi nono jukwaani bila kutaja itatoka wapi.

Wapo wadhanio kwamba ghera ya watu huamshwa kwa hotuba na vigelegele. Mimi siafiki. Mkulima aamkaye alfajiri kwenye baridi ya Konoin, huku Bomet, hana upungufu wa bidii. Alichonyimwa ni kujua bidii yake ilikwenda wapi.

Wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima wenyewe, nao wameshika amana yao. Nawasihi, kabla ya Oktoba ijayo, wabandike hesabu ya ukurasa mmoja ukutani mwa kila kituo cha kununulia majani, kwa Kiswahili na Kikipsigis: kilo zilizouzwa, bei iliyopatikana, gharama za kuni, umeme, mishahara na riba, na kilichobaki; kisha mkurugenzi mwenyewe asimame hapo siku ya kupima majani, aulizwe na ajibu.