Kianzio cha Nyumba na Fedha Zilizofichwa

Mwezi huu nimepata barua ndefu kutoka kwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Ameniruhusu niifupishe bila kumtaja jina. Yeye na mumewe wana miaka tisa katika ndoa na watoto wawili. Wamepanga vyumba viwili na sebule, na kila baada ya miezi sita mwenye nyumba huja kudai kodi ya miezi sita mingine kwa mpigo. Sasa wameona nyumba ndogo inayouzwa shilingi milioni 60. Benki imesema inaweza kuwakopesha, mradi waje na kianzio. Mumewe ameguna, akasema kianzio hakipo.

"Lakini mimi ninazo milioni nne na laki mbili," anaandika mama huyu, "na mume wangu hajui. Nikimwambia, nahofia nyumba itaandikwa jina lake peke yake. Nikinyamaza, tutazeeka kwenye nyumba ya watu. Nifanye nini?"

Mama mpendwa, tuanze na hesabu, maana hiyo ndiyo rahisi.

Benki hazikopeshi bei yote ya nyumba. Kwa kawaida mnunuzi hutakiwa kutoa sehemu ya kumi, na mara nyingine sehemu ya tano. Kwa nyumba yenu, hiyo ni milioni 6 au milioni 12. Wengi hukimbilia kutoa kile kidogo. Hebu tazama. Mkikopa milioni 54 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, mtalipa kama shilingi 756,000 kila mwezi. Mkikopa milioni 48 kwa masharti hayo hayo, mtalipa kama 672,000. Hadi mwisho wa mkopo, zile milioni 6 mlizojinyima mwanzoni zitakuwa zimewaokolea zaidi ya milioni 15. Na si hilo tu. Kuna ada ya mthamini, ya mwanasheria, na ushuru wa stempu, ambavyo benki haihesabu ndani ya kianzio. Wengi hukwama hapo, wakiwa wameshakusanya kila senti kwa ajili ya kianzio chenyewe.

Barua yako haisemi mishahara yenu ni kiasi gani. Kwa mtumishi wa umma kama wewe, makato yote kwa pamoja hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Na hata hapo, mtu aliyebakiwa na theluthi moja mjini Dar es Salaam ataishije? Ningekuwa mimi, ningetafuta nyumba ya milioni 40 pembezoni zaidi. Sehemu ya tano yake ni milioni 8, na marejesho kwa riba hiyo hiyo ni kama 448,000 kwa mwezi. Basi la asubuhi litawachosha, nakubali.

Wazazi wetu hawakuwa na mambo haya. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi mtu wa kawaida alijenga tofali moja moja, akahamia nyumba isiyo na madirisha. Mikopo ya nyumba ilianza kupata nguvu tena baada ya sheria ya mwaka 2008. Ndiyo maana mama mkwe wako, unayesema anakucheka, haelewi kwa nini mtu anunue nyumba kwa deni. Usimkasirikie.

Kuhusu kukuza hizo milioni nne, umeuliza kama ucheze upatu. Upatu ni mzuri kwa sufuria na ada ya shule. Haukuzi fedha, unazikusanya tu, na mmoja akihama mtaa kabla ya zamu yako umeumia. Kikoba ni afadhali, kwa kuwa mnanunua hisa na mwisho wa mzunguko mnagawana faida. Lakini jihadhari na siku ya kuvunja kikoba! Nimewaona akina mama wakitoka pale na fedha za mwaka mzima, na kabla ya Jumapili zimeshakuwa vitenge na michango ya harusi. Nenda moja kwa moja benki siku hiyo hiyo. Chama cha akiba na mikopo cha walimu nacho ni njia nzuri, ila nakusihi usikope huko ili upate kianzio cha benki. Utakuwa na madeni mawili yanayokula mshahara mmoja.

Sasa tuje kwenye lile gumu.

Sikulaumu kwa kuficha. Umeandika kwamba mara mbili mlipoweka akiba pamoja ziliishia kwa shemeji zako, mara moja kwa ugonjwa na mara nyingine kwa biashara iliyokufa. Mwanamke aliyeona hivyo hujifunza kufunga fundo kwenye kanga. Hata hivyo, mkopo wa nyumba hauwezi kuombwa kwa siri. Benki itauliza fedha zimetoka wapi, na itamhitaji mwenzako, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wenu kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine. Akisikia habari hizo mbele ya karani wa benki badala ya kuzisikia kwako, umemwaibisha bure.

Mwambie, lakini umwambie pamoja na sharti lako: majina yote mawili kwenye hati. Hii si kiburi. Sheria hiyo hiyo inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka uletwe ushahidi kinyume. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa mna haki sawa. Ni kweli kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango wa mke katika mali. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe akazitapanya. Kwa nini usubiri kusimama mbele ya hakimu ukihesabu vyungu ulivyopika, wakati kuandika jina leo ni suala la mstari mmoja?

Chagua siku ambayo hajachoka, watoto wamelala. Weka kitabu cha benki mezani, kisha umweleze kwa nini uliogopa. Huenda akanuna siku mbili. Wangu alinuna wiki nzima, kwa laki nane tu, na hadi leo hunitania nikienda sokoni.

La mwisho, msitoe hata shilingi kabla ya kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ili kujua nyumba ni ya nani na kama haina deni. Sisi tuliwahi kumpa dalali kianzio cha kiwanja kwa kuamini karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kiwanja kile kilikuwa kimeshauzwa kwa watu wengine wawili, na dalali hakupokea tena simu. Nililia jikoni nikiwa nimefungulia bomba ili watoto wasisikie. Benki yenyewe itafanya uchunguzi wake, lakini muuzaji atawabembeleza mtoe "kishika nafasi" mapema. Mkataeni kwa upole, na akisema kuna mteja mwingine anakuja kesho, mwacheni aje.

Ukishazungumza na mumeo, niandikie tena.