Nani Asome Mizani?

Msomaji, ukisimama kando ya njia kuu hapa Voi utaona malori yakipanda kutoka Mombasa, moja nyuma ya jingine. Yenye shehena nzito yamekwisha kupimwa Mariakani. Sasa fikiri kwamba kazi ya kusoma mizani ile imekabidhiwa mwenye malori mwenyewe. Hata awe mwaminifu namna gani, je, ungeiamini hesabu yake? Riadha yetu iliendeshwa hivyo kwa miaka mingi.

Mwezi Septemba 2014 Rita Jeptoo, mshindi wa marathoni ya Boston, alipimwa akaonekana ana EPO, dawa iongezayo chembe nyekundu za damu ili misuli ipate hewa zaidi. Januari 2015 Chama cha Riadha cha Kenya kilimfungia miaka 2. Shirikisho la riadha la ulimwengu halikuridhika, likakata rufani katika mahakama ya michezo iliyoko Lausanne, Uswisi. Na Oktoba 2016 mahakama hiyo ikaifanya adhabu kuwa miaka 4, tena ikamvua ushindi wake wa Boston wa mwaka 2014. Sisemi kwamba viongozi wa chama walikula njama, wala hoja yangu haihitaji njama. Chama kinachovuna sifa kwa miguu ya mkimbiaji hakifai kuwa hakimu wake.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Huko Marekani, taarifa ya George Mitchell ya Desemba 2007 juu ya besiboli iliwagawia lawama wote: wachezaji, chama chao, viongozi wa timu na wakuu wa mchezo.

Wako wasemao, “Aliyetumia dawa ndiye mwenye kosa.” Naam, na aadhibiwe, kwani amemwibia msichana wa Mwatate au Wundanyi akimbiaye kwa nguvu ya uji na mahindi tu. Lakini EPO haichumwi mwituni kama ukwaju! Hudungwa kwa sindano, hutunzwa mahali pa baridi, hununuliwa kwa fedha. Nani aliileta? Nani alionyesha kiasi cha kudunga? Sheria yetu ya mwaka 2016, iliyounda shirika la serikali la kupambana na dawa hizi, yawagusa pia makocha, madaktari na mawakala. Hata hivyo jina linalojulikana sokoni ni la mkimbiaji tu.

Mwaka 2022, Kenya iliponusurika kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Ahadi ni njema. Walakini shirika lingojalo fedha za wakubwa laweza kufungwa mikono bila mtu yeyote kutoa amri. Fedha zikichelewa, vipimo navyo huchelewa. Kwa hiyo fungu lake litengwe kwa sheria, pasiwe na waziri awezaye kulipunguza, na mkimbiaji apatikanapo na hatia, jalada lisifungwe mpaka ajulikane aliyemuuzia.