Waridi la Endebess na hesabu ya Sh307

Februari 14 ikikaribia, simu yako hujaa picha za maua mekundu. Unamnunulia mpenzi wako waridi moja, mnapiga selfi, maisha yanasonga. Lakini ushawahi kujiuliza ni nani aliyelikata?

Huenda ni dada wa rika lako kule Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon. Wengi tunaijua Kitale kwa mahindi, ila eneo hilo pia hukuza waridi za kuuzwa Ulaya. Kazi huanza asubuhi na mapema: gambuti miguuni, mkasi mkononi, miiba vidoleni. Kisha maua husafirishwa yakiwa yamepozwa hadi Nairobi, karibu kilomita 400, ndipo yapande ndege kwenda Uholanzi au Uingereza.

Sasa tupige hesabu. Serikali ilipopandisha mishahara kwa asilimia 6 mwaka 2024, kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi maalum kilifika Sh7,997 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata Sh307 kwa siku. Sawa, mashamba yenye mkataba na chama cha wafanyakazi cha KPAWU hulipa zaidi kidogo. Lakini shada la waridi 12 likiuzwa pauni 10 mjini London, hiyo ni zaidi ya Sh1,600. Ni mshahara wa siku tano, na mfanyakazi huyo hukata mamia ya maua kwa siku moja.

Utasema ndege, madalali na supamaketi wote wanakula hapo katikati. Kweli, lakini kila mmoja hukata chake kwanza, na makombo ndiyo humfikia aliyechomwa na miiba. Hasara ikija, yeye ndiye wa kwanza kuibeba. Machi 2020, Ulaya ilipofunga milango kwa sababu ya korona, maua yalitupwa na maelfu ya wafanyakazi nchini wakatumwa nyumbani.

Ni rahisi kumlaumu mzungu. Sisi tunasema tuanzie nyumbani. Mwaka huo huo wa 2024, serikali hiyo hiyo iliweka kima cha chini cha mtunza bustani jijini Nairobi kuwa Sh16,113. Yaani anayemwagilia waridi uani Lavington anatambuliwa na sheria mara mbili ya anayelikata Endebess! Eti maisha ya mashambani ni nafuu. Nafuu gani? Bando ni bei ile ile, na karo ya chuo haiulizi mzazi anatoka kaunti gani.

Wenye mashamba nao wana hoja. Wakibanwa ghafla, wanunuzi watahamia Ethiopia, ambako sekta ya kibinafsi haina hata kima cha chini cha mshahara. Ndiyo maana nyongeza inafaa iende hatua kwa hatua, kwa ratiba inayojulikana, huku gharama zikipunguzwa kwingine. Uwanja wa ndege wa Eldoret uko jirani na Kitale, na ndege za mizigo hutua pale zikiwa zimejaa bidhaa kutoka nje. Mbona maua ya Trans Nzoia yapelekwe hadi Nairobi? Vyumba vya baridi na njia ndefu ya ndege vingeokoa pesa, mradi sehemu yake iandikwe kwenye mkataba wa wafanyakazi. Bila hivyo itaishia mifukoni mwa wale wale.

Mnunuzi wa Ulaya naye asiachwe. Maua yenye nembo ya Fairtrade huongezewa asilimia 10 ya bei kwa ajili ya hazina ya wafanyakazi, ambao huamua wenyewe itumikeje. Ni mwanzo mzuri, ila hazina si mshahara.

Wewe kijana una nafasi hapa. Kama una ndugu anayefanya kazi shambani, muulize kama yuko kwenye chama na kama ameusoma mkataba wake. Mbunge akija kuomba kura, usimuulize tu kuhusu barabara. Muulize ni kwa nini mkono unaolisha soko la Ulaya unalipwa nusu ya mkono wa Nairobi. Na usikubali ajibu "tutaangalia". Mwambie akutajie mwaka.