Diwani wa kura, mkurugenzi wa uteuzi

Makamanda, likizo hii nilikuwa Mugumu, Serengeti. Mama mdogo kaniuliza: tembo wamemaliza mahindi, kifuta jasho hakijafika, tumng'oe nani? Diwani?

Diwani wa watu hana ubavu huo. Ibara ya 146 ya Katiba ya 1977 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Haya, lakini mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri wote ni wateule wa Rais. Tarime 2015 upinzani ulibeba majimbo yote mawili, na wateule wakabaki wa kulekule juu.

Katiba mpya ilipe baraza la madiwani nguvu ya kumwajiri mkurugenzi, na kumtimua. Mama mdogo kanitania, "Mwanasheria, andika hilo kabla ya mavuno."