Titi Jipya: Tumuulize Mwenyewe Kwanza



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu makuta ya kikundi, lilibaki jambo la mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa ya kulisimulia hapa, ila jina lake tunaliacha. Ni mama wa watoto wanne, anauzisha sambaza. Mwaka jana aliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya kansere. Shimio amemaliza, nywele zimeanza kuota tena. Sasa kaka yake anayeishi Ubelgiji amemwandikia kwamba atatafuta hospitali nje ya nchi, atalipa safari na operesheni, ili dada yake atengenezewe titi jipya. Tena anataka jibu haraka.

Tulibishana karibu saa nzima. Wengine wetu walisema aende hata kesho, kwa maana feza ya namna hiyo haipatikani mara mbili. Wengine walisema hayo ni mambo ya wenye kujipenda, mama wa watoto wanne anatafuta nini tena? Mmoja alisema afanye kwa ajili ya bwana wake, asije akatafuta bibi mwingine. Mwenzetu alikuwa ameketi karibu na mlango, anachambua maharagi. Tulipochoka akatuuliza: "Mumemaliza? Basi sasa muniulize na mimi."

Tulinyamaza. Sisi ndio tuliompelekea chakula hospitalini, tukamwangalilia watoto, tukalia naye. Lakini siku ile tulikuwa tunaamua juu ya mwili wake kama tunavyoamua juu ya feza ya kikundi, naye yuko pale pale. Tulimwomba radhi. Halafu tukamuuliza. Na kwa yale ambayo yeye wala sisi hatukuyajua, tulikwenda pamoja naye kwa munganga mpasuaji na kwa muuguzi anayehudumia wagonjwa wa kansere. Haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Hakuna haraka

Munganga alianzia hapa: kutengeneza titi si dawa ya kansere. Mwenye kulitengeneza haponi zaidi, na asiyelitengeneza haponi pungufu. Kwa hiyo matibabu ndiyo yanatangulia. Kama kuna shimio, mionzi au vidonge, visikatizwe wala visicheleweshwe kwa ajili ya titi jipya.

Operesheni hiyo inaweza kufanywa siku ile ile ya kuondoa titi, inaweza kungoja miezi, inaweza kungoja hata miaka. Mama aliyepasuliwa zamani hajachelewa. Basi yeyote anayesema "ni sasa au basi", awe ndugu au awe munganga, mwombeni muda wa kufikiri.

Njia ziko tatu

Njia ya kwanza ni kubaki hivyo, kifua bapa. Si kushindwa na si ukosefu wa feza tu. Wako wanawake wa nchi tajiri ambao wangeweza kulipiwa yote na wakachagua kubaki hivyo, kwa sababu hawataki kulala tena chini ya kisu. Anayechagua njia hii kabla ya operesheni ya kwanza amwambie mpasuaji mapema, ili kovu lishonwe likae sawasawa, bila nyama ya kuning'inia inayosumbua chini ya nguo.

Njia ya pili ni titi la kuvaa. Linaingizwa ndani ya sutieni na usiku linavuliwa. La dukani linatengenezwa kwa silikoni na lina bei. La kitambaa tunaweza kulishona wenyewe, na chini tunaeleza namna.

Njia ya tatu ni operesheni, nayo ina matawi mawili. Kuna mfuko wa silikoni au wa maji ya chumvi unaowekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Mara nyingi wanaanza na mfuko mtupu unaojazwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa ili ngozi itanuke, ndipo wanaweka ule wa kubaki. Na kuna kutumia nyama ya mama mwenyewe, inayotolewa tumboni au mgongoni na kupandikizwa kifuani. Titi la nyama ya mwenyewe ni laini na lina joto la mwili, lakini operesheni yake ni ndefu, na mama anabaki na vidonda mahali pawili. Mama mwembamba sana anaweza kukosa nyama ya kutosha tumboni.

Maneno ambayo kaka hakuyaandika

Kaka yake aliandika kwa upendo. Aliona picha ya titi zuri na akamtakia dada yake. Lakini picha haisemi yote.

Titi jipya halirudishi hisia kama za zamani. Wengi hawasikii kitu pale ngozi inapoguswa, au wanasikia kidogo tu. Halinyonyeshi. Chuchu haiji pamoja nalo. Inatengenezwa baadaye, au inachorwa kwa wino juu ya ngozi. Mara nyingi si operesheni moja bali mbili au tatu. Pengine wanagusa hata titi lile lingine ili yalingane.

Mfuko wa silikoni si wa maisha yote. Unaweza kupasuka, na mwili unaweza kuufunga kwa ngozi ngumu mpaka ukauma na kupinda. Jambo hilo linawapata zaidi wale waliopigwa mionzi, ndiyo sababu waganga wengi wanawashauri hao watumie nyama yao, au wangoje kwanza. Ugonjwa wa sukari na sigara vinachelewesha kidonda kupona.

Tena mfuko wenyewe uwe na karatasi yake, yenye jina la kiwanda na namba. Mwaka 2010 kule Ufaransa iligunduliwa kwamba kiwanda cha Poly Implant Prothèse kilikuwa kinajaza mifuko kwa silikoni isiyotengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Maelfu ya wanawake wa nchi mbalimbali walikuwa wamekwisha kuwekewa. Asiyekuwa na karatasi ile angejuaje kama wake ni mmoja wa hiyo?

Hapo mwenzetu aliuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza siku ya posho: "Nikirudi nyumbani, na baada ya mwaka likaanza kuuma, nani ataniangalia huku?" Munganga alisema hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kukata tikiti. Feza ya kwenda mara moja si feza ya kurudi kila linapoharibika.

Swali lake la pili lilikuwa la beseni. Baada ya kutolewa nyama ya tumbo, mama anakaa majuma sita au zaidi bila kuinua kitu kizito. Hachoti maji, habebi mtoto, habebi mzigo sokoni. Sisi tulikuwa tumehesabu bei ya hospitali. Hatukuhesabu majuma yale, wala nani atalisha nyumba.

Alilosema, na alilosema mwingine

Mwenzetu alitueleza hivi. Asubuhi ya kwanza alipofungua bendeji alilia. Sasa haliangalii kovu kwa woga, ila linamsumbua anapovaa nguo ya ibada, kwa maana blauzi inaegemea upande mmoja na watu wanatazama. Bwana wake hajamwambia neno baya. Kinachomnyima usingizi ni vidonge. Munganga wake amempa vidonge vya kuzuia kansere isirudi, anavyopaswa kunywa kila siku kwa miaka mitano. Mara mbili mwaka huu vilikwisha, naye hakuwa na feza ya kuvinunua kwa wakati. Hakumwambia mtu. Sisi tuliobishana saa nzima juu ya titi hatukujua habari ya vidonge.

Akamjibu kaka yake: "Asante sana, kaka. Titi lingoje. Unisaidie kwanza vidonge, mpaka vimalize miaka yake. Kama bado nitalitaka, nitakwambia." Kaka alikawia siku mbili bila kujibu. Tulidhani amekasirika. Kisha akapiga simu, akasema hakujua, na feza ya miezi sita imekwisha kufika.

Lakini msidhani tunasema kila mama akatae. Kati yetu yuko mwalimu mmoja, kijana bado, ambaye miaka michache iliyopita alitengenezewa titi kwa nyama ya tumbo. Alikwenda akiwa na ndugu wa kumlipia, dada wa kukaa naye nyumbani, na munganga aliyekubali kumfuata baadaye. Alikaa nyumbani miezi miwili, na anasema siku za kwanza alitembea ameinama kama bibi kizee. Hajuti. "Nilichoka kujificha ninapooga," alituambia. "Sasa naamka, navaa, naenda kazini, na siwazi tena." Wakati ule tulinong'ona kwamba ana majivuno. Yeye pia tumemwomba radhi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanawake wawili, ugonjwa mmoja, majibu mawili, na yote mawili ni ya haki.

Kwa habari ya mabwana: mume aulizwe, asikilizwe, maana naye ana hofu zake, na mara nyingi hofu yake ya kwanza ni kumpoteza bibi wake. Lakini operesheni ya kumfurahisha mtu mwingine ni mzigo mbaya. Mume anayetaka kwenda hazuiwi na titi, na yule anayekaa hakai kwa sababu ya titi.

Kushona titi la kitambaa

Hili tumelijaribu katika kazi ya mikono, na tayari mwenzetu anavaa moja.

Chukueni kitambaa laini cha pamba kisichochubua. Pimeni kwa titi lililobaki, mkate vipande viwili vya duara, mshone na kuacha nafasi ya kujazia. Majuma ya kwanza, kidonda kikiwa kibichi, jazeni pamba tu, liwe jepesi. Kidonda kikishapona kabisa na munganga akikubali, ongezeni uzito. Shoneni kifuko kidogo cha kitambaa kizito, mtie mtama au mchele mkavu, mkiweke katikati ya pamba. Uzito unasaidia sutieni isipande juu na mabega yakae sawa. Pimeni kwa mikono miwili mpaka ulingane na upande wa pili. Ndani ya sutieni shoneni mfuko wa kulishikilia, lisianguke mtu anapoinama. Nafaka ibadilishwe kila mara, maana inashika unyevu, na kitambaa kifuliwe.

Maswali ya kupeleka kwa munganga

Yaandikeni kwenye karatasi, na mwende na mtu wa kuwasikilizia:

Matibabu yangu yamekwisha, au kuna mionzi bado? Kwa mwili wangu, njia ipi inafaa, na kwa nini? Ni operesheni ngapi kwa jumla? Nitakaa muda gani bila kubeba mzigo? Likiharibika, nani atalitengeneza, wapi, na kwa feza ya nani? Umefanya operesheni hii mara ngapi, na naweza kuongea na mama mmoja uliyemfanyia? Nikisema sitaki, utanishonaje?

Tena, mama aliyetolewa tezi za kwapani auangalie mkono wa upande ule. Ukianza kuvimba au kuwa mzito, auonyeshe mapema, asingoje uwe mkubwa. Na ninyi nyote wengine, mkiona uvimbe kwenye titi, ngozi iliyoingia ndani, au chuchu inayotoa damu, nendeni hospitali juma lile lile. Uvimbe usioumiza nao unahitaji kuangaliwa.

Siku ya posho inayokuja tutaleta vitambaa na sindano. Tumekubaliana pia kwamba sehemu ya mfuko wa shida itakuwa ya dawa za mwenzetu yeyote zinapokwisha, na atakayehitaji anaweza kumwambia mtunza feza peke yake, bila kusimama mbele ya wote. Na likija tena jambo la mwili wa mmoja wetu, yeye ndiye atakayeongea wa kwanza.

Mubaki salama.