Biharusi Naye Aandikiwe Anachotaka

Leo tunasema na nyinyi mnaomfunda biharusi kwa igizo dhima, maana mchezo huu umeshaingia utamu na wengi wetu tunauandika vibaya.

Kwa asiyetujua: sisi ni watatu, wazaliwa wa Unguja tulioolewa Mara, mmoja Musoma mjini, mmoja Bunda, mmoja Butiama. Huku hatuna somo wa kumkalisha biharusi ndani siku saba. Basi tunakusanyana sebuleni, wanawake watupu, kila mtu anapewa karatasi ya mhusika wake, na kutoka baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri tunaishi kama familia mbili zinazooana. (Mnaouliza kuhusu wali na bwana harusi: hatuvai nguo za kiume. Anayeigiza wali huwekewa kofia mezani mbele yake, inatosha.)

Anayeigiza Mabepari wa Venisi, ule mchezo wa Shakespeare aliotafsiri Mwalimu Nyerere wa Butiama na ukachapwa 1969, hupewa kila neno la kusema. Kwetu hapewi hata moja. Karatasi yake inamwambia yeye ni nani, anataka nini, anaogopa nini, na anajua nini ambacho wenziwe hawakijui. Maneno atayatoa mwenyewe. Ndiyo maana karatasi mbovu huharibu mchana mzima.

Na mbovu tumeziandika sisi. Mchezo wetu wa kwanza, Bunda, mama mkwe tulimjazia ukurasa: ana madeni, ana kisirani, ana mtoto mmoja tu wa kiume. Wali tukampa siri, kwamba amepokea ng'ombe wanane wa mahari na wawili keshawauza. Biharusi tukamwandikia mstari mmoja: una miaka 19, una haya. Binti wa watu, ambaye kweli alikuwa karibu kuolewa, alikaa mkekani amejitanda kanga, akamimina chai mara tatu. Mama mkwe alifurahi sana siku ile. Tulipomuuliza binti amejifunza nini, akasema, "Kunyamaza. Nako nilikuwa nakujua."

Ilituuma, kwa sababu alisema kweli.

Tunajua mtakachosema: idhini ya bikira ni kimya chake. Ndiyo, lakini kimya hicho kinahesabiwa kwa kuwa ameulizwa kwanza. Na Khansaa bint Khidaam, ambaye alikuwa ameshawahi kuolewa, baba yake alipomuoza naye hataki, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akasema, na ndoa ile ikabatilishwa. Mama mmoja mtu mzima, tunamheshimu, alituambia tunawafundisha mabinti ujuvi. Bibi, kusema unachotaka mbele ya wakubwa kwa adabu ni kazi ngumu, na asiyeijaribu sebuleni kwetu ataijaribu lini?

Halafu kuna jambo la huku ambalo dada zetu wa kisiwani huenda hamjakutana nalo. Kwenu mahari ni fedha, na biharusi anaijua hesabu yake. Mara ni ng'ombe, na ng'ombe huingia zizini kwa baba. Suratun Nisaa, aya ya 4, inataka wanawake wenyewe ndio wapewe mahari yao. Zizi lina desturi yake. Ukimwandika wali kuwa mwizi, mchezo umekwisha kabla ya chai, kila mtu atamzomea. Tumejifunza kumwandika baba ambaye kijana wake ana mchumba anayesubiri ng'ombe hao hao. Huyo ni baba wa kweli, na kuzungumza naye kunahitaji akili.

Kwa mchezo wa pili, Musoma, tulimwandikia binti yule yule upya. Unataka kumaliza cheti cha uuguzi, umebakiza mwaka mmoja. Unaogopa kumwaibisha baba. Unajua ng'ombe wawili wameuzwa, mdogo wako aliwaona wakitolewa. Yeye mwenyewe ni mshonaji, hasomi uuguzi, na hilo tulilifanya makusudi. Usimwandikie biharusi maisha yake, atajiona anasutwa. Mwandikie ya jirani.

Alinyamaza robo saa nzima, tukaanza kutazamana. Kisha akasema, taratibu: "Baba, wale wawili nimekupa, nimeridhia. Wale sita waliobaki ni wangu, naomba nijue watakaa wapi." Mwenzetu aliyeigiza baba alisahau yeye ni nani. Alijibu, "Sijui, mwanangu," sebule nzima ikacheka, yeye akalia.

Kabla ya nikaha yake ya kweli, binti yule alimwomba wali wake amuulize mchumba kama ataendelea na cherehani yake. Akaulizwa. Akakubali.

Kanda ya Ziwa wanawake walishalitumia igizo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na watu wa Malya, Kwimba, wakaigiza pamoja nao jambo lililokuwa likiwasumbua pale: wasichana wa shule kupata mimba. Sisi tunaandikia sebule tu.

Mchezo ujao ni Butiama, baada ya Idi. Karatasi saba ziko tayari, ya bibi bado. Tunajua anachoogopa, anachotaka hatujakipata. Mwenye bibi muongeaji atuazime mchana mmoja.